Gari Kuukuu Likihama Jimbo

Chukua gari aina ya Toyota Camry la mwaka 1998 lililozeekea Columbus, Ohio, mikononi mwa mtu mmoja. Halijawahi kupimwa moshi, na mwenyewe hajavunja sheria yoyote. Ohio hupima magari katika kaunti 7 tu, zile za upande wa Cleveland na Akron, na Columbus haimo. Hata angehamia Akron leo, gari limeshavuka miaka 25, na huko umri huo unatosha kulisamehe. Lakini mtu huyo akipata kazi Sacramento na kuliendesha hadi California, ana siku 20 za kulisajili, na namba haitolewi bila cheti cha moshi. Injini ni ileile, moshi ni uleule. Limevuka tu mipaka ya majimbo, na sasa linaulizwa mambo ambayo halijawahi kuulizwa tangu litoke kiwandani.

California ina sababu zake za kuwa kali. Julai 1943, Los Angeles ilifunikwa na ukungu mzito uliowasha macho na koo, na wapo waliodhani mji umeshambuliwa kwa gesi katikati ya vita. Miaka ya mwanzo ya 1950, mwanakemia Mholanzi Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifanya kazi Caltech, akaonyesha kwamba chanzo ni mvuke wa magari na wa viwanda vya kusafishia mafuta unapopigwa na jua. Basi jimbo lilipotunga viwango vyake, serikali kuu nayo ikakubali mwaka 1967 kwamba California iruhusiwe kuwa kali kuliko wengine. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi viwanda viliuza Marekani magari ya namna mbili: ya California na ya majimbo mengine. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema gari ni la namna gani, na mkaguzi wa California hukisoma kama afisa wa uhamiaji anavyosoma pasi ya kusafiria.

Ukaguzi wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu. Katika miji mikubwa ya jimbo hilo, gari la mwaka 1999 au la kabla yake hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka sakafuni. Fundi huingiza mrija kwenye ekzosi, kisha hukanyaga mafuta hadi maili 15 kwa saa huku mashine ikiubebesha mtambo mzigo wa kuigiza mlima, halafu maili 25. Kompyuta huandika hidrokaboni, kaboni monoksidi na oksidi za nitrojeni. Gari la 1998 haliambiwi liwe safi kama la 2015. Linapimwa kwa kipimo cha rika lake. Hapo sina ugomvi na California hata kidogo.

Ugomvi huanza fundi anapoinama kuangalia chini. Gari la umri huo mara nyingi limeshabadilishwa masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachochoma gesi chafu kabla hazijatoka. Kule Ohio mwenye gari alinunua masega ya bei nafuu, halali kabisa kwa sheria za serikali kuu. California haiyatambui mpaka yawe na namba ya idhini ya jimbo lenyewe. Kwa hiyo gari linaweza kutoa gesi nusu ya kiwango kinachoruhusiwa na bado likaanguka, kwa sababu ya namba ambayo haipo kwenye bati. Maelezo ya wakubwa yana mantiki: masega mengi ya bei rahisi hufanya kazi vizuri yakiwa mapya, halafu hufa mapema, na jimbo linataka ushahidi kwamba yatadumu. Naikubali hoja hiyo. Lakini anayeilipia ni mgeni ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza, na masega yenye idhini ya California ni ghali mno. Jimbo lina mpango wa kuchangia matengenezo ya wenye kipato kidogo, na pia wa kununua magari yaliyoshindwa ili yaondoke barabarani. Mpango huo si wa kubeza, ila hauhusu gari linalosajiliwa California kwa mara ya kwanza.

Mtego mwingine huwanasa wajanja. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mtu hutoa waya wa betri, taa inazima, naye anakwenda kupima akitabasamu. Magari ya Marekani tangu 1996 yana kompyuta inayojichunguza, na ukitoa betri unafuta kumbukumbu zote za uchunguzi huo. Mashine ya ukaguzi ikiuliza, gari hujibu kwamba bado halijajikagua, na linarudishwa. Dawa yake ni kuliendesha siku kadhaa: kuliwasha asubuhi likiwa limepoa kabisa, kwenda nalo mjini na barabara kuu, huku tanki likiwa si tupu wala si pomoni, maana kompyuta haikagui uvujaji wa mvuke wa petroli tanki likiwa limejaa.

Majimbo mengine yameamua kuuachia wakati kazi ya kuondoa magari machafu. Florida iliacha kupima moshi mwaka 2000, na Washington ikafunga vituo vyake mwanzoni mwa 2020. Texas hupima katika kaunti chache zenye watu wengi, na gari likizidi miaka 24 halipimwi tena. Hesabu yao ni kwamba magari mabovu yatakufa yenyewe na kazi ya kuyafuatilia haina faida. California nayo iliwahi kuwa na msamaha wa miaka 30 uliosogea kila mwaka, lakini sheria ya 2004 ikaugandisha: la 1975 na ya nyuma yake yamesamehewa, la 1976 litapimwa hata likifika miaka 100. Mwaka 2025 mchekeshaji Jay Leno, mpenzi mkubwa wa magari ya kale, aliunga mkono mswada wa kuwasamehe wenzake wanaoyatunza. Ulikufa kwenye kamati.

Ujerumani ingemshangaa Leno kwa kuhangaika hivyo. Huko gari likitimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili hupewa namba yenye herufi H, kodi yake inakuwa ya kiwango kimoja, na linaruhusiwa kuingia hata katika maeneo ya miji yaliyofungiwa magari machafu. Uingereza nayo huyaachilia ya miaka 40 yasikaguliwe kabisa, ilimradi hayajabadilishwa sana. Ni heshima ya makumbusho, na wanaoipata ni wale wenye gari la pili la kuwapeleka kazini. Mlinzi wa usiku mwenye gari la miaka 22 hana herufi yoyote.

Japani ndiyo inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, ukaguzi wanaouita shaken, na gharama yake si mchezo. Likifika miaka 13 kodi ya uzito inapanda, likifika 18 inapanda tena. Hakuna anayekwambia gari lako ni chafu. Unaachwa upige hesabu mwenyewe, na hesabu ikikataa unaliuza. Kutoka hapo linapanda meli. Sehemu kubwa ya magari yanayoteremka Mombasa na Dar es Salaam ni yale ambayo mwenyewe aliona kulipia shaken nyingine ni kutupa pesa, ingawa injini bado ni nzima.

Nasi tukalipokea kwa desturi yetu, ambayo ni ya kukagua langoni. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 imefunga lango kwa yaliyozidi 15. Tanzania hairudishi mtu, bali inatoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa. Gari likishapita hapo, moshi wake haumhusu mtu tena. Askari wa usalama barabarani ataangalia taa, tairi na stika ya Nenda kwa Usalama. Hata gari lenye namba za Zanzibar likihamia Bara, jambo linalofanana sana na safari ya yule wa Ohio, mazungumzo huwa ya tofauti ya ushuru; sijasikia mtu aliyeambiwa alete mrija wa ekzosi.

Ndiyo maana masega, ambayo California inayakagua mpaka namba, huku kwetu hung'olewa gereji mchana kweupe. Mwenye gari anaambiwa litavuta vizuri na litakula mafuta kidogo, na kuna mnunuzi anayesubiri madini ya platinamu na paladiamu yaliyomo. Zamani mtu angeweza kujitetea. Petroli yenye risasi ingeyaua masega kwa vyovyote vile, na dizeli yetu ilijaa salfa. Lakini risasi iliondolewa katika mafuta yetu kufikia mwanzo wa 2006, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa kidogo. Mafuta yamesafishwa kwa gharama kubwa, halafu tunayachoma katika mabomba matupu.

Wanasiasa wetu wakitaka kuonyesha wanajali hewa hukimbilia kushusha umri wa gari linaloruhusiwa, kana kwamba gari la miaka 7 lisilo na masega ni safi kuliko la miaka 17 lililotunzwa. Kinachopatikana hapo ni gari ghali zaidi kwa mwalimu na muuguzi. Ningeazima kwa California ule mrija na kipimo cha rika, na namba za kwenye bati ningewaachia wenyewe. Daladala na matatu ndizo zingeanza, kwa kuwa zinashinda barabarani kutwa na tayari hupelekwa kukaguliwa breki na taa. Kupima weusi wa moshi wa dizeli papo hapo ni kazi ya dakika chache, na mwenye gari angeondoka na karatasi inayomwonyesha kiwango chake, akamuulize fundi kama tatizo ni injekta, ni pistoni, au ni yale masega aliyoshawishiwa kuyauza.