Harusi Waliyoikataa

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliandika riwaya yake ya Maurice mwaka wa 1913 na 1914. Ni hadithi ya wanaume wanaopendana, na alishikilia lazima iishe kwa furaha. Lakini wakati huo Uingereza ilikuwa inawafunga watu kama hao, kwa hivyo kitabu kilichapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Mwaka wa 1994 ikaja filamu ya Four Weddings and a Funeral. Harusi zote ni za mwanamume na mwanamke. Gareth na Matthew wanapendana kweli kweli, lakini wao wanachopata ni mazishi tu.

England na Wales ziliruhusu ndoa za jinsia moja kuanzia Machi 2014. Mwaka wa 2022 Alexis Hall akatoa Husband Material, riwaya ya vichekesho inayofuata mpangilio wa filamu hiyo. Luc na Oliver wanazunguka harusi za watu, wanakorofishana, na siku yao ikifika wanaamua hawaoani. Wanabaki wapenzi, basi.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Harusi unaweza kuikataa tu kama umeruhusiwa kuifanya. Huku kwetu, sinema ya Rafiki ilipigwa marufuku 2018. Mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, alisema bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Na sheria tuliyoachiwa na Waingereza wale wale bado iko vitabuni.

Forster angetuelewa bila kuelezwa.