Visaidizi vya Mwendo na Usalama vya Wazee (Ndau)

Ni ala zitumiwazo na wazee waliodhoofika viungo ili waende, wasianguke, na wakianguka wapate kuita msaada: tangu bakora na mkongojo, vilivyo vya kale kuliko vyote, hadi kiti cha magurudumu chenye mota, kidude cha shingoni chenye kitufe cha kuombea msaada, na saa ya mkononi itambuayo kwamba mwenyewe ameanguka, kama ile iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2018.

Katika Ndau, kisiwa cha Wabajuni nchini Kenya kilicho kaskazini mashariki ya kisiwa cha Pate, ambako kila safari ya kwenda nje haina budi kupitia baharini, manufaa ya ala hizi hutegemea ardhi kabla ya ufundi. Kwani gurudumu jembamba huzama mchangani, na kiti kizito cha mota ni taabu kukipakia mashuani. Lifaalo ni gurudumu pana na kiunzi chepesi, na ndivyo ulivyohimiza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, kwamba kiti kiafikiane na mwili wa mtumiaji na mahali aishipo. Saa nayo haina nafuu pasipo mtandao wa simu na jirani wa kuitikia.

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewathibitishia wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao na dola. Walakini shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, wapewazo waliotimiza miaka 70, aghalabu humalizikia chakulani na dawani, na ala ya thamani hubaki mbali nao.