Mzee ana skizofrenia na mafuta yamepanda kwenye damu: tumlaumu nani?

Wadau, leo tuguse jambo ambalo familia nyingi zenye mgonjwa wa skizofrenia wanaliona kwa macho ila hakuna aliyewahi kuwaeleza. Mzee kaugua tangu ujana, kanywa dawa miaka thelathini, zile sauti alizokuwa akizisikia zimetulia. Halafu tumbo linaanza kukua, anapimwa damu, lehemu iko juu. Hapo lawama zote anatupiwa yeye: anakula mno, hatembei, mvivu tu. Jamani, mambo si mepesi kiasi hicho.

Kwanza mjue uzito wake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wenye magonjwa makali ya akili kama haya hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Wengi tunadhani ni kujiua. Kumbe vifo vingi vinatokana na maradhi ya kawaida ya mwili, na moyo na mishipa ya damu vinaongoza. Sigara nazo zimo, maana wagonjwa hawa wengi huvuta sana.

Sasa urithi unaingiaje? Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 76,000, ulipata maeneo 287 kwenye vinasaba yanayohusiana na skizofrenia. Ungetegemea maeneo hayo yalete na unene, si ndio? Wapi! Watafiti wakilinganisha, vinasaba vinavyoongeza hatari ya ugonjwa huu vinaelekea, kwa kiasi kidogo, upande wa wembamba. Kwa hiyo ukitafuta mchawi, angalia zaidi vinasaba vinavyoamua mwili utaipokeaje dawa.

Dawa zenyewe hazilingani. Zinazoongoza kwa kupandisha uzito na mafuta ni clozapine na olanzapine. Huko Marekani kulikuwa na utafiti wa CATIE, wagonjwa 1,493, matokeo yakatoka 2005: waliopewa olanzapine ndio waliodumu na dawa yao muda mrefu zaidi, lakini ndio pia walioongezeka uzito na mafuta kuliko wengine. Yaani dawa inayosaidia kichwa ndiyo inayoumiza mishipa. Dawa hizi huziba vipokezi fulani vya ubongo vinavyohusika na kumwambia mtu kwamba ameshiba, hivyo njaa ya mgonjwa ni ya kweli kabisa, siyo ulafi. Tena kwenye seli za maabara imeonekana zinawasha moja kwa moja mitambo ya seli inayotengeneza lehemu na mafuta.

Kimojawapo cha vipokezi hivyo hutengenezwa na kinasaba kiitwacho HTR2C, kwenye kromosomu X. Mwaka 2002 Gavin Reynolds na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa wa China, kwamba wenye tofauti ya herufi moja tu karibu na kinasaba hicho waliongezeka uzito kidogo kuliko wengine. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu ukubwa wa kinga hiyo.

Uzee nao unaongeza mzigo. Ini la mtu mzima huondoa lehemu mbaya polepole kuliko la kijana, na mama akishakoma hedhi lehemu yake hupanda. Hapo ndipo APOE, kinasaba cha kromosomu 19, kinapojitokeza. Kina sura tatu kuu, na anayebeba ile ya e4 huwa na lehemu mbaya juu zaidi, pamoja na hatari kubwa ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Kwa upande mwingine kuna waliozaliwa na bahati. Utafiti wa Marekani wa 2006 ulikuta Wamarekani weusi 2.6 kati ya kila 100 wana kinasaba cha PCSK9 kilichoharibika, na lehemu mbaya yao iko chini kwa asilimia 28. Basi weka wazee wawili, dawa ile ile, ugali ule ule, mmoja damu safi, mwingine mishipa inaziba.

Hamhitaji kwenda kupima vinasaba. Ulizeni ukoo: kuna baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65? Mwambieni daktari. Mgonjwa apimwe mafuta na sukari kabla ya kuanza dawa, miezi mitatu baadaye, kisha kila mwaka. Vidonge vya kushusha lehemu vya jamii ya statini hufanya kazi kwa wagonjwa hawa kama kwa wengine, na wakati mwingine daktari anaweza kumhamishia kwenye dawa nyepesi kwa mafuta, mfano aripiprazole. Ila msimkatishe dawa wenyewe kwa sababu ya kitambi. Clozapine ikisimamishwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo ndani ya siku chache.