Jeshi la jirani linamaliza ugaidi, ao linauhamisha tu?

Wandugu wa promosyo, na ninyi wadogo ambao bado mnapigana na TFC, leo niko na kitu cha kukiri kwanza.

Tarehe 30 Novemba 2021, siku jeshi la Uganda lilianza kupiga mabomu kambi za ADF upande wetu, mimi nilishangilia. Nilikuwa Butembo. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Afazali sasa!" Wenzetu wawili wa sheria wakanirukia, wakaniuliza kama nimesahau Kisangani. Sikusahau. Ila baba mdogo wangu alikuwa na shamba la kakao upande wa barabara ya Mbau-Kamango, na kwa miaka miwili hakuwa amelikanyaga. Mtu akiwa katika hali ile hana nafasi ya kusoma sheria ya kimataifa. Anataka tu mtu mwenye nguvu aje.

Ubishi ule haukuisha mpaka leo. Kila tukikutana, swali ni lile lile: jeshi likivuka mpaka kwenda kupiga magaidi nchi ya mwingine, linapunguza ugaidi ao linauchochea? Na kila mara tunakimbilia Iraki na Afghanistan, kama vile hapa nyumbani hatuna mfano. Tunao, na unakaribia miaka 30.

ADF ilijitangaza kwa bunduki tarehe 13 Novemba 1996, iliposhambulia Mpondwe, upande wa Uganda, ng'ambo ya Kasindi yetu. Kiongozi wake alikuwa Jamil Mukulu. Watu wake wengine walikuwa Waislamu wa Tabliq waliokosana na serikali ya Kampala, wengine mabaki ya NALU, kundi la milima ya Rwenzori. Walisaidiwa na Khartoum, na Zaire ya Mobutu iliwapa pa kujificha. Mukumbuke jambo hili: kundi halikuzaliwa kwa sababu ya jeshi la kigeni. Lilizaliwa katika siasa ya ndani ya Uganda, na sisi tuliliazima msitu.

Tarehe 8 Juni 1998, ADF iliingia katika shule ya ufundi ya Kichwamba na kuchoma wanafunzi 80 katika mabweni yao. Mwezi wa nane wa mwaka ule vita vya pili vikaanza Kongo, na Uganda ikaingia ikisema inafuata wauaji wa raia wake. Nani angewakatalia kulilia watoto wao? Lakini chukueni ramani. ADF ilikuwa Rwenzori, mlangoni pa Uganda. Jeshi la Uganda lilifika Kisangani, ambako mwezi wa Juni 2000 lilipigana siku sita na jeshi la Rwanda katikati ya mji. Likafika Gbadolite, karibu kilomita 1,000 kutoka mpaka. Ni adui gani wa Kasese huyo anayetafutwa Gbadolite?

Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliona mambo hayo hayo. Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 ilikataa hoja ya kujilinda: Kongo haikuthibitishwa kuhusika katika mashambulizi yale ya ADF, na kuteka miji na viwanja vya ndege mbali hivyo na mpaka hakulingani na hatari iliyokuwepo. Mwaka 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325. Wenzangu wa sheria hapa ndipo wanafunga kitabu na kusema wameshinda. Mimi nawaambia wafungue ukurasa wa pili, juu hukumu ile inatuambia nani alivunja sheria. Haituambii kama ugaidi ulipungua.

Na kwa Uganda ulipungua. Ukikutana na mtu wa Kasese akikuambia kwamba kuanzia miaka ya 2000 alirudi shambani kwake, hasemi uongo. ADF ilishindwa kuendelea na vita ndani ya Uganda. Kumbe ilienda wapi? Ilikuja kwetu. Ilijichimbia katika misitu ya Beni, watu wake wakaoa, wakalima, wakafanya biashara na vijiji. Jeshi la Uganda likarudi nyumbani mwaka 2003, ADF ikabaki. Kampala ilipumua, na siye tukapewa mgeni ambaye hatukumwita.

Sasa wale wanaosema "wageni ndio wanaochochea" waniruhusu niwasumbue na wao. Mwezi wa Januari 2014 jeshi letu wenyewe, FARDC, lilianzisha operesheni ya Sukola I. Si Waganda, si Wazungu. Liliteka kambi kubwa ya Madina, na Mukulu akakimbia. Mwaka 2015 alikamatwa Tanzania. Kwenye karatasi ilikuwa ushindi. Halafu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji ya mapanga yakaanza Beni, na kwa miezi mitatu raia zaidi ya 200 wakafa. (Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba si ADF peke yake waliokuwa na mkono katika mauaji yale. Nalisema juu tunapenda sana hadithi yenye mwovu mmoja.) Tarehe 30 Oktoba 2019 jeshi letu likaanza tena operesheni kubwa, na katika wiki zilizofuata raia wakakatwa kwa mamia, mpaka vijana wa Beni kwa hasira wakachoma jengo la meya na kuvamia kambi ya MONUSCO. Aliyepiga alikuwa jeshi la nchi, na matokeo yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo sumu haiko katika neno "kigeni" tu. Na hapa ndipo wengi wetu tunachanganya Beni na Somalia. Somalia, mwezi wa Desemba 2006, Ethiopia iliingia kuangusha Muungano wa Mahakama za Kiislamu. Al-Shabaab wakati ule ilikuwa kundi la vijana ndani ya muungano huo. Kuingia kwa Ethiopia, adui wa miaka mingi wa Wasomali, kuliipa kitu ambacho haikuwa nacho: sababu ya kitaifa. Kijana ambaye hakujali mahubiri yao aliweza sasa kubeba bunduki kufukuza mvamizi. Waethiopia walipoondoka mwanzoni mwa 2009, Al-Shabaab ilikuwa kubwa kuliko walivyoikuta. Mwaka 2010, Waganda wakiwa wanalinda Mogadishu, ikaua watu zaidi ya 70 Kampala waliokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Pale, ndiyo, jeshi la kigeni lilikuwa petroli.

Beni haiko hivyo. Sijasikia kijana wa Oicha aliyeingia ADF kwa hasira juu ya Uganda. ADF haina umma hapa. Inapata watu kwa kuwateka, na kwa mitandao yake ya mbali. Haihitaji tuipende. Inahitaji tuogope kusema ilikopita. Ikipigwa kambini, inajigawa vikundi vidogo, na kila kikundi kinakuja kijijini kuua: kuchukua chakula, kuadhibu waliotoa habari, kulazimisha askari wageuke nyuma. Somalia jeshi la kigeni lilizalisha wapiganaji. Kwetu linatawanya waliopo. Ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Turudi 2021. Mwezi wa Novemba mabomu ya kujitoa mhanga yaliua watu Kampala, na wiki mbili baadaye operesheni ya Shujaa ikaanza, mara hii kwa makubaliano na Kinshasa. Hilo ni badiliko kubwa kuliko tunavyokubali kwenye ubishi wetu: si uvamizi wa 1998. Kambi ya Yua ikapigwa, kambi nyingine zikafuata. Siku ya Noeli mtu akajilipua katika mgahawa mjini Beni. Januari 2023 bomu likalipuka kanisani Kasindi, watu wakiwa katika ibada. Na tarehe 16 Juni 2023 ADF ikavuka mpaka, ikachoma bweni la shule ya sekondari Mpondwe. Waliuawa watu 42, wanafunzi 37. Kutoka Kichwamba ni miaka 25 na siku 8. Nilipopiga hesabu ile niliweka kalamu chini.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Baba mdogo alirudi shambani. Alikuta kakao imemezwa na majani, akasafisha, na msimu uliofuata akauza. Mtoto wake wa tatu alilipiwa masomo na kakao ile. Nikimwambia kwamba Shujaa haikusaidia kitu, atanicheka, na atakuwa na haki.

Shida ni kwamba niko pia na shangazi, dada yake baba mdogo yule yule, aliyeolewa Mangurujipa, magharibi ya Lubero. Kwa miaka yote ile ya mauaji ya Beni, yeye ndiye aliyekuwa anapokea wakimbizi. ADF aliisikia kwenye redio. Halafu mashambulizi yakasogea: Irumu na Mambasa kwanza, na mwaka 2024 yakafika Lubero. Wakati huo jeshi letu lilikuwa limevutwa kusini kupambana na M23, na vijiji vya Bapere vilibaki wazi. Julai 2025 waumini zaidi ya 40 waliuawa Komanda, wakiwa wanakesha kanisani. Septemba ikawa Ntoyo, karibu na kwa shangazi: watu zaidi ya 60, waliokuwa wamekusanyika kwenye kilio. Shangazi alifika Butembo na kitenge kimoja na sufuria.

Basi niwaulize wenzangu wa sheria, na nijiulize mimi niliyeandika "afazali": tunapima wapi? Ukipima Kasese mwaka 2003, ugaidi ulipungua. Ukipima shambani kwa baba mdogo mwaka 2023, ulipungua. Ukipima Beni mwaka 2014 ao Bapere mwaka 2025, ulikuja. Kila mwenye operesheni anapima pale aliposimama yeye. Na katika miaka hii yote sioni operesheni hata moja iliyoanza kwa kuuliza, kabla ya bomu la kwanza: hawa watu tukiwatoa hapa, watakimbilia kijiji gani, na nani atakuwa amesimama pale kuwangojea? Ni swali la askari wa kawaida, hata mwindaji wa nguchiro anajiuliza. Anaweka mtu upande wa pili kabla hajawasha moto.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi kwa baba mdogo kumpumzisha. Jioni tulikaa nje, kakao imeanikwa kwenye turubai. Aliiangalia muda mrefu, kisha akaniambia:

"Wewe uliyesoma, haujui mtu wa kuomba? Wale wanajeshi wafike na mu Mangurujipa. Hapa naona wametengeneza."

Baba mdogo aliitika kwa kichwa. Nilitaka kumuuliza shangazi, wakifika kwake, wale watu watakwenda kwa nani. Nikamwongezea chai.