Mgongo wa Laetoli, Mgongo wa Mang'ola

Zamani kabisa, kabla ya fulana zenye vihisi vya kupima mgongo, majivu ndiyo yaliyoweka kumbukumbu ya namna tunavyosimama. Miaka milioni 3.66 hivi iliyopita, viumbe wa ukoo wetu walipita Laetoli, ndani ya Ngorongoro ya leo, wakakanyaga majivu ya volkano yaliyolowa. Nyayo zao, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zinaonyesha kisigino kikitangulia na kidole gumba kikisukuma mwisho. Walitembea wima. Ila mtu akichoka akakaa, je? Hapo majivu hayasemi kitu.

Kukaa kumepimwa jirani tu, bonde la Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha matokeo yao: watu wazima 28 walivaa pajani kifaa kidogo kinachotambua kama mtu ametulia au anatembea. Mimi nilitegemea kusoma habari za watu wasiotulia, maana ndivyo tunavyowasimulia wawindaji. Kumbe walipumzika karibu saa 10 kwa siku, hawapishani sana na watu wa ofisini Ulaya na Marekani! Tofauti ni mkao. Wao hukaa chini, hupiga magoti, huchuchumaa, na mtu akichuchumaa misuli ya miguu haiachi kazi kama anapoegemea kiti. Mikao hiyo watafiti waliiangalia kwa macho. Kifaa cha pajani kisingetosha.

Sasa turudi kwenye fulana. Vihisi hushonwa kufuata uti wa mgongo. Vingine husoma mwinamo kwa kutumia mvutano wa dunia, vingine ni nyuzi zinazopitisha umeme, ambazo ukinzani wake hubadilika zikivutika. Aghalabu unaanza kwa kusimama wima, unabonyeza, na hiyo ndiyo sifuri yako. Ukipinda kupita kiwango, inatetema. Kwa karani aliyeinamia kompyuta, sawa.

Lakini mvalishe mkulima wa vitunguu Mang'ola, humo humo wilayani Karatu, asubuhi ya palizi. Itatetema mpaka chaji iishe. Na sisemi eti kuinama kutwa hakuumizi, kunaumiza sana, waulize wenyewe. Ninachokataa ni nguo inayomwita mkosaji kwa kila mwinamo, wakati mwinamo ndio kazi. Afadhali ihesabu dakika alizobaki vilevile bila kubadilisha mkao, na uzito aliobeba. Na kabla mhandisi hajaweka hiyo sifuri, ashuke bondeni Eyasi akakae chini kidogo, aone watu wanavyopumzika bila kiti.