Amana ya Mtahini: Juu ya Kuhawilisha Krediti Baina ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Mei 20, 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana Dar es Salaam na kutangaza kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu, mwanafunzi wa Kampala aliyekwisha kusoma miaka miwili alipewa, kwa maandishi walau, tamaa ya kubisha hodi katika chuo cha Dodoma au cha Eldoret na kupokewa yeye pamoja na masomo aliyokwisha kuyafaulu. Nyaraka za tamaa hiyo hazikosekani: mfumo wa tuzo za elimu ya juu wa Afrika Mashariki ulikubaliwa tangu 2015, Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina tume au baraza lake la kusimamia vyuo vikuu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake ni Kampala, limekuwapo tangu 1980. Walakini mwanafunzi huyo akifika kwa msajili na hati yake ya matokeo mkononi, aghlabu huambiwa ama aanze mwaka wa kwanza, ama angoje kikao. Na kikao chenyewe, hata kije kukaa, muhula umekwisha kushika kasi. Sababu inayotajwa ni kwamba hesabu za krediti hazioani. Ninakusudia kuonyesha kwamba sababu hiyo ni dhaifu, kwamba hesabu zaoanishika kwa kalamu na karatasi, na kwamba kinachokosekana ni kitu ambacho vyuo hivi vilikuwa nacho zamani na hata leo vingali vinakitumia katika jambo jingine, nacho ni kumwamini mtahini wa mwenzio.

Na tuanze na hesabu, maadamu ndiyo inayotangulizwa. Nchini Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani mihadhara, semina, maabara, majaribio, na hata zile saa anazojifungia maktabani peke yake. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Uganda wamezoea kuhesabu vingine: kwao kitengo kimoja ni saa 15 za kukutana na mwalimu, saa mbili za maabara huhesabiwa kuwa moja, na saa za kujisomea haziandikwi, ingawa hakuna mwalimu asiyezitarajia. Chukua basi somo la takwimu la muhula mmoja. Hati ya Kampala yasema vitengo 4. Mtaala wa chuo kinachoombwa wasema krediti 12. Karani ambaye hakuelezwa atahukumu kwamba mgeni ameleta thuluthi tu ya kinachotakiwa, kumbe vitengo 4 ni saa 60 za darasani, na mwanafunzi akijisomea saa moja kwa kila saa ya darasa, jambo ambalo si la kupita kiasi hata kidogo, zinatimia saa 120, ambazo ndizo krediti 12 barabara. Nchi za Ulaya, zilizoanza jaribio la namna hii mwaka 1989 chini ya mpango wa Erasmus, huhesabu krediti 60 kwa mwaka, nazo zikitakiwa kulinganishwa na za Tanzania, mwaka kwa mwaka, yatosha kuzizidisha kwa mbili. Hesabu hii haimshindi mtoto wa darasa la saba, seuze seneti ya chuo kikuu.

Palikuwa na wakati ambapo haikuhitajiwa kabisa. Kati ya 1963 na 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, kilikusanya chini ya shahada moja vyuo vitatu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na kazi mwanzoni ziligawanywa kwa namna iliyo bayana: mwenye kutaka udaktari alikwenda Makerere, mwenye kutaka uhandisi akaenda Nairobi, na mwenye kutaka sheria, awe Mganda, Mkenya au Mtanganyika, akateremka pwani, Dar es Salaam, ambako masomo ya sheria yalikuwa yameanza 1961. Kabla ya hapo vyuo hivi vilitahiniwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na ingawa utegemezi ule haukuwa wa kujivunia, uliacha nyuma yake kundi la watahini waliojuana, waliosomana kazi, na waliogombana juu ya alama kama watu wa nyumba moja. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chuo chake. Sisemi kwamba zama zile zirudi, kwa kuwa mataifa machanga yalikuwa na haki ya kutaka vyuo vyao, na chuo kimoja kwa nchi tatu kisingeweza kuubeba umati wa leo.

Lakini desturi moja haikuvunjika, nayo ni ile ya mtahini wa nje. Mpaka sasa mwisho wa mwaka wa masomo profesa wa Kampala au wa Nairobi huitwa Dar es Salaam, naye wa Dar es Salaam huitwa kwao. Hupewa chumba katika idara, meza iliyojaa vijitabu vya majibu, karatasi za mitihani pamoja na miongozo ya usahihishaji, na chai isiyokatika. Naye huvifungua vijitabu vya waliopata alama za juu, vya waliofeli na vya wale waliosimama ukingoni, akakaa na wenyeji wake na kusema kwamba swali la pili halikufundishwa ipasavyo au kwamba alama za somo fulani zimepanda mno, na neno lake husikizwa. Tasnifu za uzamivu nazo hungoja ripoti yake. Basi chuo kinachompa mtu huyu mamlaka ya kuthibitisha shahada zake chenyewe, pindi mwanafunzi aliyefundishwa na yeye yule, katika chuo chake mwenyewe, anapoomba kuhamia, humwambia kwamba kiwango cha somo alilolifaulu hakijulikani. Sijapata kusikia hoja inayoweza kuyapatanisha mambo haya mawili: ama profesa yule hujua kupima kazi ya mwanafunzi, ama hajui, na ikiwa hajui, ni shahada ngapi zimepita mikononi mwake?

Wazee wa pwani walilitatua swali hili la kumwamini mtahini wa mwenzio kwa njia yao. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Komoro mwaka 1861 na kuwa kadhi wa Unguja, alisafiri Hadhramaut na Istanbul, na elimu ya mwanachuoni wa namna yake ilipimwa kwa ijaza, ambayo hueleza ni kitabu gani kilisomwa, na kwa sheikh yupi. Njia ile ilifaa kwa halaiki ndogo ya watu waliojuana, wala haiwezi kuwatosha maelfu. Illa maswali yake mawili, umesoma nini na kwa nani, ndiyo ambayo dawati la msajili halimuulizi mgeni, likatosheka na jina la somo na tarakimu iliyo mbele yake.

Sharti niwatendee insafu wanaokataa, kwa maana wako ambao kukataa kwao ni haki. Mifupa ya mwanadamu haibadiliki mtu anapovuka mpaka pale Mutukula, kwa hiyo aliyeifaulu anatomia upande mmoja ameifaulu pande zote mbili. Bali sheria ya ardhi hubadilika hatua ile ile anayoivuka. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imejengwa juu ya msingi huo. Uganda, kwa Katiba ya 1995, ardhi ni ya wananchi, na huko kuna milki ya mailo ambayo asili yake ni Mkataba wa Buganda wa 1900, jambo ambalo mwanasheria wa Morogoro anaweza kumaliza umri wake asikutane nalo. Mwanafunzi aliyelifaulu somo hilo Kampala akilazimishwa kulisoma upya Tanzania hakudhulumiwa. Somo la mikataba liko katikati, kwani sheria ya mikataba ya Tanzania ilifuata kwa karibu ile ya Kihindi ya 1872, nayo Kenya ikafuata njia ya Kiingereza, hata ikawa kanuni kuu ni zile zile na vifungu ni mbalimbali. Aliyelifaulu somo hilo Kenya ingetosha apewe mtihani wa nyongeza, pasipo muhula mzima. Vilevile ninaiunga mkono kanuni ya vyuo vingi isemayo kwamba walau nusu ya masomo, na mwaka wa mwisho wote, visomewe katika chuo kitakachotoa shahada, kwa sababu anayeweka saini yake hana budi kumjua anayemwekea.

Zaidi ya hapo, kukataa kwingi hakuna hoja. Somo hukataliwa kwa kuwa jina lake ni Kanuni za Uchumi badala ya Utangulizi wa Uchumi, na silabasi haijafunguliwa. Na kuna jambo ambalo halisemwi kikaoni, nalo ni kwamba kila somo linalorudiwa hulipiwa ada upya, hivyo yule anayehukumu ndiye anayefaidi kwa hukumu yake. Wala tusidhani kwamba wanaohama ni wapenda starehe. Mwaka 2016 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilipofuta kibali cha chuo kilichokuwa Songea, wanafunzi walihamishwa pasipo hiari yao. Na kila mwaka yupo mwalimu wa Mwanza, amesoma jioni miaka miwili kwa mshahara wake mwenyewe, ambaye mumewe kahamishiwa Mbeya kikazi.

Ninaloliomba si kubwa. Uamuzi na ufanywe na idara inayolifundisha somo, baada ya kuisoma silabasi na karatasi ya mtihani. Uandikwe somo kwa somo pamoja na sababu zake. Na umfikie mwombaji kabla hajalipa ada. Fauka ya hayo, mtahini wa nje anapokuja mwezi wa Julai, naye nauli yake imekwisha kulipwa, aombwe kuja na silabasi na mitihani ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo chake, akae nusu siku na wenyeji wake, na waondoke wametia saini orodha moja ya masomo yanayolingana na yasiyolingana. Baraza la Kampala halihitaji fedha mpya kwa kazi hiyo. Lahitaji kuwaandikia makamu wakuu wa vyuo waraka mmoja, na makamu wakuu waujibu.