Bibi Anasoma, Ofisini Anatia Dole

Hebu tuulizane: bibi anayemaliza juzuu kabla ya futari, kisha benki anatia dole gumba, huyu hajui kusoma? Pwani yetu iliandikiana barua na hati kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake 1858. Mkoloni akaja na herufi zake za Kirumi, ofisi zikafuata hizo hizo. Sheria ya 1908 ikataka kila mwenye shamba pwani apeleke madai yake kwa serikali. Wengi hawakupeleka, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Maskwota mpaka leo!

Utafiti wa 2006 ulikuta asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawajui kusoma na kuandika. Ndiyo maana bibi humpa mtoto wa jirani simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na namba ya siri amtajie.